Vitabu vya Kutafutia Asili za Jamaa na Majina ya Mahali katika Uingereza

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, yamepigwa chapa hapa kwa ombi la Mwandishi wa Chama.)



Halmashauri iliponitaka nizungumze juu ya vitabu, nadhani ilitazamia vitabu vya hesabu au vya sheria, ambavyo ndivyo vimsaidiavyo mtu kupanda daraja. Nimechagua vingine, na mwenzetu mmoja amekwisha kuniuliza mlangoni: Asili za jamaa za Waingereza zatuhusu nini sisi? Ni swali la haki, nami napenda kumjibu mbele yenu nyote.

Kwanza, sisi ni makarani. Katika Uingereza lipo jina la ukoo, Clark, nalo lachukuliwa na watu maelfu kwa maelfu; asili yake ni neno lile lile liandikwalo clerk, yaani karani, na Mwingereza hata leo huyatamka yote mawili kwa sauti moja. Babu wa watu hao alijua kusoma na kuandika siku ambazo jirani zake hawakujua, wakamwita kwa kazi yake. Pili, habari zote zilizomo katika vitabu nitakavyovitaja zimepita katika mikono ya makarani, wenye bidii na wavivu, nao waliandika walivyosikia. Basi asiyejua tabia ya karani hawezi kulisoma daftari lake. Tatu, barua hutufikia. Ninyi mlio katika ofisi za kuandikisha vizazi na vifo mwazijua: bibi fulani wa Uingereza auliza babu yake aliyefia huku alizikwa wapi, na katika hati yake jina la kijiji alichozaliwa liliandikwaje. Karani asiyejua pa kutazama humjibu kwamba hakuna habari, na jalada likafungwa.

Naanza na majina ya mahali, maana huo ndio mlango nilioingilia mimi. Kitabu cha kutajwa mbele ni kamusi ya Eilert Ekwall, iliyopigwa chapa Oxford mwaka 1936, na chapa yake ya nne ikatoka mwaka 1960. Ekwall hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mswidi, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Lund, na Waingereza wenyewe walisoma kwake maana ya vijiji walimozaliwa. Mgeni aliwezaje? Hakutegemea sikio lake. Chini ya kila jina aliweka kwanza jinsi lilivyoandikwa zamani, pamoja na mwaka au kifupisho cha hati ilimotoka, ndipo akatoa maana. Na pale ambapo hati hazikutosha hakuona haya kusema kwamba maana ni ya mashaka. Mwenyeji huona jina la kwao wazi mno, hata haulizi. Mgeni hana budi kuuliza.

Tazameni mji wa Nottingham. Katika habari za miaka ya Wasaksoni jina lake lilikuwa Snotengaham, yaani makao ya watu wa Snot, na Snot lilikuwa jina la mtu. Wanormani walipoitwaa nchi mwaka 1066, ulimi wao wa Kifaransa ulishindwa kuzishika pamoja sauti za S na N mwanzoni mwa neno, na kidogo kidogo ile S ikaanguka. Watu wa mji huo wana haki ya kuwashukuru Wanormani, kwani neno snot katika Kiingereza cha leo ni kamasi. Kitongoji cha Sneinton, kilicho karibu kabisa na mji, chatoka katika watu wale wale wa Snot, nacho kingali kina S yake.

Cambridge ni ajabu zaidi. Mtu aliye na ramani mbele yake husema bila kusita: pana mto Cam, na bridge ni daraja, basi ni daraja la Cam. Hasha! Mwaka 875 jina liliandikwa Grantebrycge, daraja la mto Granta. Midomo ya watu ikalibadili jina la mji, herufi baada ya herufi, mpaka likawa Cambridge. Na watu wa baadaye walipoona jina hilo wakadhani mto hauna budi kuitwa Cam, wakauita hivyo. Mji ndio ulioupa mto jina, wala si mto ulioupa mji. Sehemu ya juu ya mto ule ingali yaitwa Granta.

Na York je? Warumi waliuita Eboracum, wakifuata jina la wenyeji waliowakuta. Wasaksoni hawakulielewa; wakasikia ndani yake neno la lugha yao lenye maana ya nguruwe mwitu, wakauita Eoforwic. Wadenmark walipouteka mwaka 866 wakaligeuza tena kwa ulimi wao, likawa Jorvik, na hilo likapungua likawa York. Mataifa matatu yalipokezana jina moja, na kila moja likaweka maana ambayo mwenye jina wa kwanza hakuikusudia. Ndiyo sababu yule asemaye, "Mimi nasikia maana yake kwa masikio yangu," hana ushahidi wowote.

Hadithi za namna hii hazina mwisho. Watu wa Purfleet, kando ya mto Thames, wana kisa cha Malkia Elizabeth wa Kwanza: ati alisimama pale akaitazama manowari zake akasikitika, akisema ni maskini merikebu zangu, na maneno yale kwa Kiingereza yakawa jina la mahali. Kisa ni kitamu. Lakini Malkia huyo alitawala kuanzia mwaka 1558 hata 1603, na jina la Purfleet limekwisha kuonekana katika hati za karne ya 13, likiwa na herufi T katikati ambayo merikebu haziwezi kuieleza. Tarehe moja yatosha kukivunja kisa kizima, na ndiyo faida ya kamusi iandikayo tarehe.

Hati kubwa kuliko zote katika kazi hii ni Domesday, kitabu cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa amri ya William Mshindi apate kujua kila shamba ni la nani na lilipe nini. Kimetaja mahali zaidi ya 13,000, ingawa London na Winchester hazimo, wala majimbo ya kaskazini kabisa. Wenye elimu waliochungua mwandiko wamekubali kwamba kile kitabu kikubwa, karibu chote, kiliandikwa kwa mkono wa karani mmoja. Jina lake halikuandikwa popote. Mtu aliyeandika majina ya nchi nzima hakuandika lake. Aliandika kwa Kilatini, na majina ya Kisaksoni aliyaendeleza kwa desturi za kigeni. Kwa hiyo vijiji vingi vimo mle kwa maendelezo ambayo wenyeji wasingeyatambua. Ekwall na wenziwe hulinganisha herufi za karani huyo na hati zilizoandikwa kabla yake na baada yake, ndipo wajue lipi ni jina na lipi ni kosa la kalamu.

Atakaye zaidi ya Ekwall ana vitabu vya chama kilichoundwa mwaka 1923 kwa kazi ya majina ya mahali ya Uingereza. Chama hicho hutoa jimbo baada ya jimbo; la kwanza lilikuwa Buckinghamshire, mwaka 1925, na hata sasa vitabu vimezidi 90 na kazi haijaisha. Makao yake siku hizi ni katika Chuo Kikuu cha Nottingham, mji ule uliopoteza S. Ndani mna majina ya vijiji, mito, njia, hata makonde. Kwa mtu asiyeweza kubeba kabati zima iko kamusi ya A. D. Mills ya mwaka 1991, ambayo ni ndogo na nyepesi kusoma, na ile kubwa ya Victor Watts ya mwaka 2004. Na Margaret Gelling, katika vitabu vyake vya 1978 na 1984, alionyesha kwamba Wasaksoni walikuwa na maneno mengi ya kilima na bonde, na kila neno lilikuwa la umbo lake: kilima chenye kilele bapa hakikuitwa kwa neno la kilima chenye mgongo. Mkulima yeyote wa Usambara angemwelewa mara moja.

Sasa, majina ya mahali yaingiaje katika habari za jamaa? Yaingia kwa sababu majina mengi ya koo za Kiingereza ni majina ya mahali. Na hapa pana jambo la kuangaliwa: mtu huitwa kwa mahali baada ya kupahama. Mngazija huitwa Mngazija akiwa Unguja. Akiwa kwao, ambako kila mtu ni Mngazija, jina hilo halimtambulishi kwa lolote. Vivyo hivyo mtu wa ukoo wa Lincoln au wa York ana babu aliyetoka huko akaenda kukaa penginepo, na majirani wapya ndio waliompa jina.

Kamusi za majina ya koo zilianza zamani. Ya C. W. Bardsley ya mwaka 1901 ingali yasomwa, lakini iliyotengeneza njia ni ya P. H. Reaney ya mwaka 1958, kwani naye huleta mtu wa kale mwenye jina, na mwaka, na hati. Aibu yake ni moja: aweza kumwonyesha mwenye jina wa karne ya 13 katika jimbo moja, na wenye jina hilo leo wakawa wote katika jimbo jingine, bila kutuambia kama ni ukoo mmoja. Upungufu huo umetazamwa katika kamusi ya Patrick Hanks na wenziwe, iliyotoka Oxford mwaka 2016 katika vitabu vinne, yenye majina zaidi ya 45,000. Hao walitazama pia hesabu ya watu ya mwaka 1881, wapate kujua kila jina lilikuwa limejaa upande gani wa nchi.

Upande wa nchi ni ushahidi mkubwa. Kazi ya kukanyaga na kuponda nguo ya sufu ndani ya maji mpaka ishikamane ilikuwa na maneno matatu: kaskazini mwenye kazi hiyo aliitwa Walker, kusini-magharibi aliitwa Tucker, na kusini na mashariki aliitwa Fuller. Koo tatu, kazi moja. Mtu aitwaye Tucker asianze kumtafuta babu yake Yorkshire.

Na majina ya watu wa chini, wasio na mashamba wala mihuri, Reaney na wengine waliyapata wapi? Mtacheka: katika daftari za kodi ya kichwa. Mfalme wa Uingereza alitoza kodi hiyo miaka ya 1377, 1379 na 1381, na makarani wakaandika watu mmoja mmoja, mara nyingi pamoja na kazi zao. Mwaka 1381 watu wakaasi kwa ajili yake, na walipoingia mijini walichoma daftari na hati nyingi walizozikuta. Zilizosalimika zilipigwa chapa na Carolyn Fenwick kati ya mwaka 1998 na 2005, vitabu vitatu. Hivyo kodi iliyochukiwa kuliko zote ndiyo iliyohifadhi majina ya walioichukia.

Sasa niende kwenye daftari za makanisa. Mwezi wa Septemba mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parishi iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko, kiandikwe kila Jumapili, na kiwekwe katika sanduku lenye kufuli mbili. Watu walinung'unika, wakidhani ni hila ya kodi mpya. Mwaka 1598 ikatoka amri ya kunakili yote katika ngozi, kwani karatasi zilikuwa zinaoza, na kila mwaka nakala iende kwa askofu. Lakini amri ile ilitia maneno haya: hasa tangu Malkia alipoanza kutawala. Ninyi mabwana mmekwisha kutambua yaliyofuata. Makarani wengi walilishika neno lile hasa kwa mikono miwili, wakaanza kunakili tangu mwaka 1558, na miaka ishirini ya kwanza ikapotea katika parishi nyingi sana. Kwa hiyo ukiona daftari laanza mwaka 1558 usidhani kanisa lilijengwa mwaka huo.

Katika jambo la makarani, naomba ruhusa nikae kidogo Worcester, mwaka 1582. Mwezi Novemba tarehe 27, katika daftari la askofu, karani aliandika ruhusa ya ndoa ya William Shakespeare na Anne Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake ikaandikwa hati ya dhamana ya ndoa ya William huyo na Anne Hathaway wa Stratford, ambaye ndiye mke wake ajulikanaye. Watu wakatunga hadithi za bibi arusi wa pili aliyeachwa kwa huzuni. Wenye kuchungua daftari lenyewe waliona kwamba siku ile ile lilishughulikiwa shauri la mtu mwingine aitwaye Whateley; na wengi wao wamekata shauri kwamba karani alikuwa na jina hilo kichwani mwake, mkono ukaliandika mahali pasipo pake. Anne Whateley haonekani katika hati nyingine yoyote. Karani yule alichoka siku moja kabla ya jua kutua, na mwanamke asiyekuwapo amekwisha kuishi miaka zaidi ya mia nne. Mimi hulikumbuka jambo hilo saa za jioni, foleni ikiwa ndefu, na mzee aliye mbele yangu akilitamka jina la baba yake kwa sauti ndogo.

Kitabu cha kukuongoza katika daftari hizi ni atlasi ya Phillimore, iliyotengenezwa na Cecil Humphery-Smith na kutoka mwaka 1984. Kila jimbo lina ramani ya parishi zake na mipaka yake ya kale, na mwaka ambao daftari zilizobaki zaanzia. Usipolipata jina katika parishi moja, watazama ramani uone parishi zinazopakana nayo, kwani watu walioa ng'ambo ya kijito. Pamoja nayo weka kamusi ya mahali ya Samuel Lewis ya mwaka 1831. Ni ya zamani, na ndiyo faida yake: yaieleza parishi kama ilivyokuwa kabla ya reli, hesabu ya watu wake, umbali wake na mji wa soko, na kanisa lake limewekwa chini ya mtakatifu gani. Mtu akikuambia babu yake alizaliwa Sutton, Lewis atakuonyesha Sutton nyingi za majimbo mbalimbali, kwa maana Sutton ni kijiji cha kusini tu, na kila kijiji ni kusini ya kingine.

Hesabu ya watu hufanywa kila miaka kumi tangu 1801, lakini ya mwaka 1841 ndiyo ya kwanza ifaayo kwa majina ya watu wote, nayo ina mtego: waliopita miaka 15 walipunguziwa umri hadi tano iliyo chini, hata mtu wa miaka 34 akaandikwa 30. Mwaka 1851 wakaanza kuandika parishi aliyozaliwa kila mtu. Ya 1921 ilifunguliwa mwaka 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanywa kwa sababu ya vita. Vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa na Serikali tangu tarehe 1 Julai 1837, ila asiyeandikisha mtoto hakutozwa faini mpaka sheria ya mwaka 1874, basi watoto wengi wa miaka ile hawamo. Siku hizi mengi ya haya yamepigwa picha na huonekana katika intaneti, nayo ni nafuu kubwa. Walakini faharasa zake zimenakiliwa na makarani wengine, nao wana macho ya kuchoka kama yetu.

Kitabu kidogo ambacho wengi hukiruka ni cha tarehe, cha C. R. Cheney, kilichotoka mwaka 1945 na kutengenezwa upya mwaka 2000. Sisi tuliozoea mwaka wa Hijra kando ya mwaka wa Kizungu hatutashangaa kusikia kwamba Waingereza nao walikuwa na hesabu mbili. Mpaka mwaka 1751 mwaka wao wa sheria ulianza tarehe 25 Machi. Basi ukiona katika daftari watu wameoana Mei 1700 na mtoto wao amebatizwa Februari 1700, usiwasingizie wazee wa watu. Februari ile kwa hesabu yetu ni ya mwaka 1701, na miezi tisa imetimia. Mwaka 1752, walipoirekebisha kalenda, baada ya tarehe 2 Septemba ikafuata tarehe 14, na atafutaye maziko ya siku zilizo katikati atatafuta bure.

Vitabu vya nasaba za wakubwa nimeviweka nyuma kwa makusudi. Kile cha Burke kilianza mwaka 1826, nacho ni kizuri kwa watu wa karne mbili tatu zilizopita. Lakini katika chapa zake za zamani jamaa nyingi zilijiandikia babu waliokuja na William Mshindi, wala hapakuwa na aliyedai hati. J. H. Round, katika vitabu vyake vya mwaka 1901 na 1910, alizivunja nyingi za nasaba hizo moja baada ya moja kwa hati za kweli, bila huruma. Wanaothibitika kuwa walipigana upande wa William mwaka 1066 ni wachache sana. Sisi tujuao ni watu wangapi wa pwani wasemao asili yao ni Shiraz hatuna ruhusa ya kuwacheka.

Mwenye fedha ya kitabu kimoja tu aanze na nini? Kama shabaha yake ni jamaa, anunue atlasi ya Phillimore, maana mengine yote yatafutwa humo kwanza. Kama ni majina tu, kwa kupenda elimu, anunue Ekwall, hata iliyokwisha kutumika. Mpya si lazima, kwa kuwa hati za Wasaksoni haziongezeki sana. Kamusi yangu ya Mills iko mezani hapa, jalada lake limelegea kidogo. Anayetaka kuitazama na aitazame kabla taa hazijazimwa, walakini isitoke nje ya chumba hiki.